Jinsi ya Kufundisha na Kuimba "Ave Maria" ya Franz Biebl kwa Kwaya ya Wanaume

Mwalimu wa kwaya anayeisikia Ave Maria ya Franz Biebl kwenye simu, ikiimbwa na wanaume wa Ulaya au Marekani, kwa kawaida huipenda papo hapo, kisha anaiweka kando. Anajiambia hiyo ni ya watu waliosomea muziki. Basi ajue kwamba iliandikwa kwa ajili ya wazima moto.

Biebl alikuwa Mjerumani wa Bavaria, aliyezaliwa 1906 na kufariki 2001. Kabla ya Vita Kuu ya Pili alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia mjini Munich, kisha akafundisha Mozarteum, chuo cha muziki cha Salzburg. Akaandikishwa jeshini, akatekwa, na kuanzia 1944 hadi 1946 alikuwa mfungwa wa kivita Fort Custer, jimbo la Michigan nchini Marekani. Aliporudi kwao alihamia Fürstenfeldbruck, mji mdogo ulio magharibi mwa Munich, akaongoza kwaya huko. Kwa Wajerumani ni jambo la kawaida kiwanda, kituo cha polisi au kikosi cha zimamoto kuwa na kwaya yake ya wafanyakazi, na kwaya hizo hushindana. Mzima moto mmoja aliyekuwa akiimba katika kwaya ya kanisa ya Biebl alimwomba awatungie wenzake kitu cha kuimba kwenye mashindano. Ndipo ikapatikana Ave Maria hii, mwaka 1964.

Kwao haikutikisa sana. Iliyoivusha bahari ni kwaya ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Cornell, chini ya mwalimu wao Thomas Sokol, iliyofika Bavaria mwaka 1970 wakati Biebl akiwa mkuu wa muziki wa kwaya katika redio ya Bavaria. Walirudi nayo Marekani, kwaya za vyuo zikaipokea, na baadaye kundi la Chanticleer la San Francisco likaifanya ijulikane dunia nzima.

Nimeyaeleza haya kwa sababu yanamsaidia mwalimu. Mtunzi alijua anawaandikia watu wanaotoka zamu, wenye sauti nzuri lakini wasio na muda. Ukichukua sauti moja moja, nota zake haziogopeshi. Ugumu upo kwenye kuzikalisha pamoja sauti saba bila kinanda, na kwenye kujizuia kupaza. Huko ndiko muda wako mwingi utakakokwenda.

Ijue kwanza ilivyojengwa

Wakatoliki wana faida kubwa hapa, kwa kuwa maneno wanayajua tangu utotoni. Ni sala ya Malaika wa Bwana, ile ya saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Biebl ameichukua kwa Kilatini na kuipanga hivi.

Sauti ya peke yake inatangaza: Angelus Domini nuntiavit Mariae, et concepit de Spiritu Sancto. Yaani Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria, naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Kwaya inajibu kwa Salamu Maria, lakini nusu ya kwanza tu, kutoka Ave Maria hadi fructus ventris tui, Jesus. Tangazo la pili linafuata: Maria dixit: Ecce ancilla Domini, fiat mihi secundum verbum tuum. Kwaya inarudia ile ile Ave Maria. Tangazo la tatu: Et Verbum caro factum est et habitavit in nobis, Neno wa Mungu akatwaa mwili, akakaa kwetu. Ave Maria inarudi mara ya tatu, na sasa tu ndipo inapofunguka nusu ya pili ya sala, Sancta Maria, Mater Dei, ora pro nobis, hadi saa ya kufa kwetu. Kisha Amen.

Kwaya yenyewe ni mbili. Kuna kwaya kubwa ya sauti nne: teno wa kwanza, teno wa pili, besi wa kwanza (ambaye wengi tunamwita baritoni) na besi wa pili. Na kuna kikundi kidogo cha sauti tatu, teno wawili na besi mmoja. Vikundi hivi vinapokezana, kimoja kinaingia kabla kingine hakijaliacha neno, na vinapokutana unapata zile sauti saba. Kwa jumla wimbo unachukua kama dakika sita hadi saba.

Hesabu watu wako

Watu kumi na watano ni kima cha kuanzia: watatu wa kikundi kidogo, na watatu kwa kila sauti ya kwaya kubwa. Waimbaji wa solo wanaweza kutoka humo humo. Ukiwa na watu wawili kwa sauti bado inawezekana, ila kupumua kwa zamu, nitakakoeleza mbele, kutakutesa. Ukiwa na chini ya hapo, tafuta wimbo mwingine wa sauti tatu na urudi kwa Biebl mwakani.

Sasa kugawa sauti. Kwaya zetu zina mazoea mabaya: mwanaume yeyote anayeweza kufika juu anaitwa teno, hata kama anafika kwa kupiga kelele. Kwa nyimbo zetu nyingi, zenye kinanda na ngoma nyuma, inapita. Hapa haipiti. Mpime kila mtu akiwa peke yake, mwimbishe ngazi ya solfa kwa "u" na kwa sauti ndogo, ukipandisha taratibu. Usitafute anafika wapi. Tafuta mahali anapoweza kukaa kwa raha, akashika nota kwa sekunde kumi bila shingo kukaza. Anayekaa juu kwa upole, hata kama sauti yake ni nyembamba na haijawahi kusifiwa na mtu, huyo ndiye teno wako wa kwanza. Yule jabali anayesikika mpaka barabarani mpeleke teno wa pili au baritoni, na umweleze kwa heshima kwamba huko ndiko anakohitajika.

Wanaume wengi ni baritoni kwa asili, kwa hiyo sauti hiyo itajaa yenyewe. Kwa besi wa pili angalia jambo moja: akishuka chini kabisa, je, bado unasikia nota, au unasikia mkoromo tu? Mkoromo haujengi kwaya. Besi wawili wenye nota safi wanatosha kubeba watu ishirini.

Kikundi cha watatu wasiwe waimbaji wako watatu bora. Ukifanya hivyo utaiacha kwaya kubwa bila mihimili. Chagua watatu ambao sauti zao zinafanana rangi, wanaosikilizana, na mmoja wao awe na teno nyepesi isiyochoka. Ndugu wa familia moja mara nyingi hufaa sana kwa kazi hii.

Nakala

Kazi hii bado ina haki za mtunzi. Sheria za Tanzania na Kenya zinahesabu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na Ujerumani miaka 70, na Biebl alifariki 2001. Kwa hiyo usitegemee kupata nakala halali ya bure leo. Nunua kwa idadi ya waimbaji wako. Siku hizi maduka ya nota ya mtandaoni yanakuuzia nakala za kuchapisha mwenyewe kwa idadi unayolipia. Kabla ya kulipa soma vizuri: kuna toleo la wanaume, la sauti mchanganyiko na la wanawake. Unalotaka limeandikwa TTBB, yaani teno mbili na besi mbili, na mara nyingi huongezwa kwamba kuna kikundi cha TTB, teno mbili na besi moja.

Kama waimbaji wako wanasoma solfa pekee, utalazimika kuwaandikia. Fanya kazi hiyo taratibu, sauti moja kila mara, na uwe makini na nota zinazotoka nje ya ngazi. Utamu wa wimbo huu umekaa hapo. Mwandishi wa solfa mwenye haraka huzigeuza kuwa nota za kawaida, akaua kile hasa kilichompendeza.

Hatua ya kwanza: maneno bila nota

Kipindi cha kwanza chote kiwe cha maneno. Ninajua wanakwaya watanung'unika. Waache wanung'unike.

Wasemaji wa Kiswahili tuna bahati kwa irabu, kwa sababu a, e, i, o, u zetu ni safi na Kilatini cha kanisa kinazitaka hivyo hivyo. Mwingereza anahangaika miezi kadhaa kuipata "o" ya Domini, sisi tunayo. Matatizo yetu yapo kwingine, na ni matatu.

La kwanza ni konsonanti. Tumia matamshi ya Kiroma, ndiyo yanayozoeleka katika parokia zetu. Angelus hutamkwa "anjelus". Ti ikifuatwa na irabu huwa "tsi", kwa hiyo nuntiavit ni "nuntsiavit" na gratia ni "gratsia". C mbele ya e au i ni "ch": concepit ni "konchepit", ancilla ni "anchila" yenye l ya kuvutwa, na Ecce ni "etche". Dixit ni "diksit". Mihi, kwa mapokeo ya Kiroma, ni "miki". H ya habitavit na ya hora haisikiki. Ae ya Mariae na nostrae ni "e". Jesus ni "Yesus". Ukisikia kwaya za Ujerumani zikitamka c kama "ts", usishangae wala usichanganye. Chagua njia moja na watu wote waifuate.

La pili ni mwisho wa maneno. Ulimi wetu haupendi neno liishie kwa konsonanti, basi utasikia "nuntiaviti", "esti", "nunki". Dawa yake: waambie t ya mwisho iguswe tu, kwa ncha ya ulimi, kwa pamoja, mkono wako unapofunga. Wafanye mara nyingi bila kuimba, "est", "est", "est", mpaka ile i iondoke. Katika baadhi ya lugha zetu za nyumbani r na l hubadilishana pia; sikiliza gratia na fructus kwa makini.

La tatu ndilo linalopuuzwa zaidi, na kwangu ndilo kubwa. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara, na sisi tunaipeleka desturi hiyo kwenye Kilatini bila kujua. Tunasema "DoMInus" na "AnGElus". Kilatini kinataka DOminus, DOmini, ANgelus, SPIritu, GRAtia. Maneno mengine yanaangukia mahali petu wenyewe: MaRIa, conCEpit, anCILla, seCUNdum, habiTAvit, beneDICta. Chukua penseli, kila mtu apige mstari chini ya silabi ya mkazo. Kisha someni maandiko yote kwa kunong'ona, kwa mwendo wa mtu anayesali, mara kadhaa. Silabi zisizo na mkazo zikiwa nyepesi, nusu ya muziki imeshaingia.

Mwishoni mwa kipindi hicho salini Malaika wa Bwana kwa Kiswahili, kisha mara moja kwa Kilatini. Asiye Mkatoliki aelezwe tu kinachosemwa: ni habari ya malaika, jibu la msichana, na matokeo yake.

Hatua ya pili: nota, ukianzia mwisho

Anza na Sancta Maria na Amen. Siku ya kuimba, sehemu hiyo inafika watu wakiwa wamechoka, na ndiyo inayodai nguvu kuliko zote. Kwaya inayofundishwa kutoka mwanzo hadi mwisho huujua mwanzo kama jina lake na mwisho kwa kubahatisha. Ukigeuza mpangilio, kila mnapoimba wimbo mzima mnasogea kuelekea mahali mnapopajua zaidi.

Fundisha kwaya kubwa kwanza, kikundi cha watatu wakiwa chumba kingine na msaidizi wako. Usipitishe sauti kwa ile namna ya teno wote, halafu besi wote, huku wengine wakipiga gumzo. Wakutanishe teno wa kwanza na besi wa pili mapema, wao wawili tu, kwa sababu wao ndio ukuta wa juu na msingi. Wakishashikana, ingiza baritoni, na mwisho teno wa pili. Teno wa pili ndio watakaopata taabu zaidi, maana nota zao zinakaa katikati na mara nyingi zinabeba kile kinachougeuza mlio kutoka mweupe kuwa mzito. Wape muda. Wasifie.

Imbeni kwa "nu" kabla ya maneno. "Nu" inafunga mdomo, inazuia watu kupaza, na inafichua nota isiyo sahihi. Kinanda kisaidie kutoa nota za kuanzia na kukagua, basi. Mpiga kinanda akizoea kucheza pamoja na kwaya kipindi chote, siku mtakapoimba bila yeye itakuwa kama mtu aliyenyang'anywa mkongojo.

Kiitikio cha Ave Maria kije baada ya hapo. Kinarudi mara tatu kwa muziki ule ule, kwa hiyo kazi ya mara moja inakulipa mara tatu. Kwa kwaya inayokutana mara mbili kwa wiki, wiki mbili kwa nota za sehemu zote ni kipimo kizuri, na mwezi mzima wa kuziunganisha. Mwalimu anayetaka kuimba Jumapili ijayo amechagua wimbo usio wake.

Hatua ya tatu: kuzikutanisha kwaya mbili

Hapa ndipo penye kazi. Waweke vikundi viwili wakitazamana, hatua kama tano kati yao. Wakati kikundi kimoja kinaimba, kingine kiwe kinaimba kimoyomoyo, kwa kunong'ona maneno ya wenzao. Lengo ni kwamba kila kikundi kiingie juu ya mlio wa kingine, kikiuchukua ulivyo, kwa nguvu ile ile na rangi ile ile, bila kuanza upya. Makosa ya kawaida ni kikundi cha watatu kuingia kwa woga, na kwaya kubwa kuingia kwa kishindo. Mwambie mkuu wa kila sauti asikilize nota ya mwisho ya wenzake na aitafute yake humo.

Kuna mahali sauti mbili zinakaa jirani sana, nota mbili zinazofuatana zikishikwa kwa wakati mmoja. Mwimbaji asiyezoea atadhani amekosea na atasogea kumfuata mwenzake. Chukua mlio huo peke yake, uusimamishe, washike kwa "nu" huku ukiwaita sauti moja moja kutoka na kurudi. Wakishausikia msuguano ule na kuupenda, hawatautoroka tena.

Mkae hivyo kwa vipindi kadhaa kabla hujawatenganisha kwa umbali mkubwa.

Pumzi

Misitari ni mirefu na haitakiwi kukatika. Kila sauti ipumue kwa zamu. Kanuni ni hizi: usipumue mahali jirani yako anapopumua, usipumue kati ya neno na neno, maana hapo kila mtu anapashawishika, toka katikati ya irabu kwa kupunguza sauti, vuta hewa bila kelele, rudi kwa sauti ndogo kisha ujaze. Wasichana wa shule huielewa haraka kuliko wanaume, sijui kwa nini. Mwanaume anaona kutoka ni kushindwa. Wafundishe kwa nota moja ndefu ya dakika mbili, kwaya nzima, bila mlio kupungua. Wakiweza hilo, Amen haitawashinda.

Kushuka kwa sauti

Kwaya isiyo na chombo hushuka. Swali ni kwa kiasi gani, na wapi. Mwisho wa kila kiitikio mguse mpiga kinanda atoe nota moja, polepole, ili wote wasikie. Fanya hivyo kila kipindi na uandike.

Mara nyingi wanaoshusha ni mwimbaji wa solo. Anaimba peke yake, anazungukia nota chache kwa mtindo wa wimbo wa kale wa kanisa, anazirudia silabi nyingi kwenye nota ile ile, na kila kurudia inazama kidogo. Kwaya inapokea pale alipowaacha. Mfundishe kuifikiria kila silabi iliyorudiwa kuwa juu kidogo ya iliyotangulia. Chanzo kingine ni mi na ti za ngazi kuimbwa kwa uvivu, na chanzo cha tatu ni uchovu tu. Chumba chenye joto saa tisa mchana kitakushusha hata mkiwa hodari. Fungua madirisha, wasimame, wanywe maji.

Kama mmeshuka nusu nota hadi mwisho na mlio bado ni safi kati yenu, hakuna msikilizaji atakayejua. Kibaya ni sauti moja kushuka na nyingine kubaki.

Waimbaji wa solo

Matangazo hayaendi kwa mapigo ya kuhesabu. Yanakwenda kwa mwendo wa kusema. Mwalimu asimpigie mkono mwimbaji wa solo; amtazame, amwache, na ajiandae kuipokea kwaya. Mpe solo mtu anayesoma Maandiko vizuri ibadani. Atajua tayari kwamba nuntiavit Mariae ni habari na lazima ifike kwa aliyekaa nyuma. Asiongeze mapambo. Tunapenda kupinda sauti mwisho wa mstari, na katika nyimbo zetu inapendeza mno, ila hapa inaharibu usafi unaotakiwa kuikaribisha kwaya.

Ukiwa na watu wanaoweza, gawa solo kwa watu tofauti. Tangazo la pili lina maneno ya Maria mwenyewe, Ndimi mtumishi wa Bwana, na linavumilia sauti laini kuliko ya kwanza. Fundisha pia mtu wa akiba kwa kila solo, kwa sababu mafua hayana adabu.

Viitikio vitatu visifanane

Nota ni zile zile, lakini msikilizaji asisikie kitu kile kile mara tatu. Napendelea cha kwanza kiwe kidogo, kama watu waliokuta habari na bado wanaipima. Cha pili kipate mwili zaidi. Cha tatu kianze chini kuliko vyote viwili, kwa kuwa mbele yake kuna Sancta Maria, na huko ndiko mnakokwenda. Mkishapaza kwenye viitikio hamtakuwa na kitu cha kuongeza mnapofika huko.

Sauti kubwa ya mwisho itoke kwa besi. Teno wakisikia kwaya inapanda hujirusha mbele, na mlio unakuwa mwembamba na mkali. Waambie teno wabaki walipo, besi wa pili na baritoni wafungue, na utasikia jengo zima likikua bila mtu kupiga kelele. In hora mortis nostrae irudi chini. Ni maneno ya kifo. Yasiimbwe kwa tabasamu. Amen isikimbizwe: kila mlio ukae mpaka utulie, kisha uhamie mwingine.

Kuhusu rekodi, wasikilize Chanticleer, lakini baada ya wiki ya pili, si kabla. Ni kundi la waimbaji kumi na wawili wa kulipwa wanaoimba kila siku, na kwaya inayojaribu kuwaiga inaishia kubana koo.

Siku yenyewe

Muda wa kuiimba una mantiki yake. Sala ya Malaika wa Bwana haisaliwi kipindi cha Pasaka. Mahali pake panachukuliwa na Malkia wa Mbingu. Kwa hiyo Majilio, sikukuu ya Kupashwa Habari tarehe 25 Machi (isipoangukia Juma Kuu au juma la Pasaka, ambapo huahirishwa) na Oktoba, mwezi wa Rozari, ndizo nafasi bora. Mei ni mwezi wa Maria pia, ila angalia kalenda kama Pentekoste imepita. Ndani ya Misa, mahali pake pazuri ni baada ya Komunyo, na umwambie padre mapema kwamba ni dakika sita au saba ili asisimame katikati. Kwenye tamasha usiiweke mwanzoni, sauti zikiwa hazijapata moto, wala baada ya wimbo wa kupaza.

Kanisa lenye roshani ni zawadi: kikundi cha watatu kipande juu, kwaya kubwa ibaki mbele. Pasipo roshani, waweke watatu kwenye mlango wa pembeni au nyuma ya altare, mradi wauone mkono wako. Wakiwa mbali, sauti yao inachelewa kukufikia. Waambie wafuate mkono na wasisubiri kusikia. Fanyeni jaribio humo humo kanisani, jioni ya kuamkia, mkikumbuka kwamba kanisa tupu linavuma na kanisa lililojaa watu linameza sauti. Zimeni vipaza sauti. Kama fundi wa mitambo anasisitiza, akubali kimoja tu, mbali na waimbaji, kwa ajili ya walio nje. Feni za ukutani nazo zizimwe kwa dakika hizo chache, maana mlio wao una nota yake, na nota hiyo haitakuwa yenu.

Nota ya kuanzia apewe mwimbaji wa solo kwa simu yenye programu ya kinanda au kwa kinanda chenyewe, mara moja, kwa sauti ndogo. Kwaya haihitaji kupewa, itaipata kwake.

Mkifanikiwa, akina mama na wasichana wa kwaya watauliza lini itakuwa zamu yao. Usiwape sopran nota za teno wa kwanza kutoka kwenye nakala mlizonunua, kwa sababu mpangilio wa TTBB umebanwa katika eneo dogo la sauti na ukipandishwa nusu yake unavunjika. Agiza toleo la sauti mchanganyiko au lile la wanawake, yote mawili yapo sokoni, na uanze tena kwenye kipindi cha maneno.